Mgeni wa kijeshi anayekuja Kivu afundishwe Kiswahili kipi, na kwa wiki ngapi?

Kalamu_ya_Himbi (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Uzi huu ni wa walimu wa lugha, wakalimani, na wale wanaotunga masomo ya maofisa wa upelelezi wa kijeshi wanaopelekwa kufanya kazi ugenini. Tangu MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo, ilipoanza mwaka 1999, kisha ikageuka MONUSCO mwaka 2010, Goma, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, imepokea Wahindi, Wauruguay, Waafrika Kusini, Wamalawi na Watanzania. Mwaka 2022 vikaja vikosi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila kikosi kina watu ambao kazi yao ni kusikiliza, kuuliza na kuandika. Wakiandika vibaya, anayeumia ni mwananchi wa kijijini, kwa sababu ulinzi utapelekwa pasipohitajika, au aliyesema ukweli ataitwa mwongo.

Ninachotaka tukijadili ni hiki. Neno asilolijua, mgeni huuliza. Neno analodhani analijua haulizi, na hapo ndipo ripoti inapoharibika. Kwa hiyo aliyesoma nusu ana hatari kuliko asiyesoma kabisa. Tuwekeeni hapa saa za masomo, mitego ya maneno, kazi ya mkalimani na desturi. Majina ya watu tusitaje, wala vikosi viko wapi sasa.

---

Mwl_Ndosho

Mukubwa Kalamu, asante. Mimi naanza na sikio, maana mdomo unaweza kungoja.

Chukua sentensi mbili za hapa mjini: "Banapita hapa" na "Banapitaka hapa." Ya kwanza ni wanapita sasa, au leo. Ya pili ni desturi: huwa wanapita, ni njia yao. Tofauti yote iko kwenye ile -ka ya mwisho. Mtu aliyefundishwa Kiswahili sanifu peke yake anaisikia kama mlio tu wa mdomo, kwa sababu kwao mazoea husemwa kwa "hu-" au "huwa". Ataandika "wanapita", ripoti itasema kundi liko barabarani leo, doria itakwenda na haitakuta mtu. Aliyesema alisema kweli tupu. Na zamani ya mazoea ni "balipitaka": walikuwa wakipita, lakini huenda wameacha. Zipange zote tatu ubaoni siku ya kwanza na usizifute kwa wiki nzima.

Halafu "iko". Kwa sanifu, iko ni ya nyumba, ya barua, ya meza. Huku "iko ku mulango" yaweza kuwa mtu, mbuzi au gari, na wengine watatamka "eko". Mwanafunzi asiandike "kipo kitu mlangoni" kabla ya kuuliza: ni nani, au ni nini?

"Mukubwa" ni kaka au dada aliyekutangulia kuzaliwa, na pia ni bosi, na pia ni kamanda. "Mukubwa yake alimutuma" ina maana mbili zilizo mbali kama Sake na Kinshasa. Kijana katumwa na kaka yake kununua betri, au katumwa na mkuu wake wa kijeshi? "Mudogo" vilevile: mdogo wa kuzaliwa naye, au mtu wa chini yake.

"Kusikia" huku ni kuelewa pia. Ukimwuliza mama "ulisikia walichosema?" akajibu hapana, huenda sauti alizisikia vizuri ila lugha hakuielewa. Swali linalofuata ndilo lenye thamani: walikuwa wanasema luga gani? Wengi hawaulizi, wanapiga mstari na kuendelea.

"Juu ya" ni kwa sababu ya. "Balimupiga juu ya franga" maana yake walimpiga kwa ajili ya pesa. Na "bongo" ni uongo. Askari waliokaa Kinshasa watasema "mbongo" kwa Kilingala, na hiyo ni pesa. Msikilizaji mwenye sanifu kichwani anafikiria ubongo, au anafikiria Dar es Salaam. Maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja ya puani, moja ni pesa na jingine ni uongo, kwenye simu yenye mikwaruzo! Hilo peke yake lina haki ya kupewa saa nzima darasani.

Zoezi ninalopendekeza ni la sekunde 40. Rekodi ya mtu aliyekubali kurekodiwa, anaeleza njia ya kwenda sokoni Kituku au anabishana bei ya makala, yaani mkaa. Mara ya kwanza kalamu iwe chini. Mara ya pili waandike vitenzi tu, pamoja na viambishi vyote mwanzo na mwisho. Mara ya tatu waandike nani na lini. Baada ya hapo ndipo waandike kila neno. Ukianza na kuandika kila neno, wanakwama neno la tano na sehemu iliyobaki hawaisikii. Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, inafaa kwa wiki za mwanzo, lakini Kiswahili cha taarifa ya habari kimechanwa nywele. Cha mtaani Birere hakijachanwa.

---

Mtz_Kunduchi

Wadau, habari za jioni. Mwalimu Ndosho, heshima kwako mkuu, umefunga kazi kwenye hiyo -ka. Ila kwenye mpangilio sikubaliani nawe.

Mwanafunzi ambaye hana ngeli wala njeo kichwani hawezi kuona kilichobadilika Goma, kwa sababu hajui kilivyokuwa kabla ya kubadilika. Sanifu ndiyo rula. Tena ndiyo yenye vitabu, kamusi na walimu wengi.

Kuhusu muda, tuseme ukweli kwa hesabu. Chuo cha wanadiplomasia wa Marekani kinaweka Kiswahili kwenye kundi la lugha za wiki 36 hivi, saa 800 hadi 900 za darasani, kumfikisha mwanafunzi mwenye kipaji ngazi ya 3, yaani ya kufanyia kazi. Shule ya lugha ya jeshi lao pale Monterey ina kozi za wiki 36 kwa lugha nyepesi kwao, hadi wiki 64 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Sasa kikosi kinachokuja Kivu kinapewa nini? Kikipata wiki 12, siku 5 kwa wiki, saa 6 kwa siku, hizo ni saa 360. Mtu anayeahidi ngazi ya 3 kwa saa 360 anauza maji mtoni.

Majeshi ya NATO hupima kwa tarakimu nne, kutoka 0 hadi 5 kila moja, kwa mpangilio huu: kusikiliza, kuzungumza, kusoma, kuandika. Mwenye 3321 anasikiliza na kuzungumza kwa 3, anasoma kwa 2, anaandika kwa 1. Faida ya tarakimu nne ni kwamba haikufichi. Kwa wiki 12 mimi ningelenga 2 ya kusikiliza, 1 ya kuzungumza, na kusoma na kuandika niviache vishike mkia, maana mwananchi hakuletei insha. Makosa ya kozi nyingi ni kugawa saa sawa kwa sawa kwenye stadi zote nne. Mtu anatoka anajua kuandika barua ya maombi ya kazi, lakini akipigiwa simu na mzee wa kijiji anatoka jasho.

---

Mwl_Ndosho

Ndugu wa Kunduchi, rula naikubali. Ninachokataa ni rula peke yake kwa wiki nane, halafu Goma iletwe wiki ya mwisho kama kachumbari. Sikio linaganda. Mtu aliyezoea "watu", "vitu", "moja" na "kuja" akikutana na "batu", "bitu", "moya" na "kuya" kwa kasi, anahisi hii ni lugha nyingine na anakata tamaa.

Tugawe hivi: wiki 5 za kwanza sanifu, lakini kila siku saa 1 kati ya 6 iwe ya kusikiliza Kiswahili cha Kivu, hata kama wanaambulia maneno matatu. Wiki 4 zinazofuata tugeuze, saa 5 Kivu na saa 1 sarufi. Wiki 3 za mwisho ni mkalimani, majina ya mahali na Kilingala cha kusikiliza. Kilingala si pambo. Kilikuwa lugha ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Wabelgiji, kikabaki lugha ya amri jeshini hadi leo. Anayekuja Goma na Kiswahili tu ataelewana na muuza mkaa, na kwenye kizuizi cha basoda, yaani askari, atasimama kama mti.

---

Mama_Tafsiri

Bwalimu, mumesema vizuri. Kwa kuwa Kilingala kimetajwa, niongeze hatari iliyo kubwa kuliko zote mlizoandika.

Kwa Kilingala, "lobi" ni kesho, na "lobi" hiyohiyo ni jana. Anayetaka kufafanua atasema "lobi eleki", ile iliyopita, au "lobi ekoya", inayokuja. Kwa Kinyarwanda, "ejo" nayo ni jana na ni kesho: "ejo hashize" na "ejo hazaza". Hizo ni lugha mbili zinazosikika Goma kila siku, na zote mbili zina neno moja kwa siku mbili. Mtu akikutafsiria haraka haraka, "atashambulia" na "alishambulia" zinabadilishana mahali. Dawa yake si kamusi. Ni kumfunza mwanafunzi kwamba akisikia lobi au ejo asiendelee na mazungumzo mpaka amepata kitu cha kufungia siku: Jumapili ya kanisa, siku ya soko, siku mvua kubwa iliponyesha.

Sasa mkalimani, maana hata aliyesoma wiki 36 atamhitaji.

Kabla ya kuonana na watu, kaeni dakika 15. Mweleze mada, si majibu unayoyatarajia. Ukimwambia "nataka kujua kama wale waasi walipita", atatafsiri kuelekea huko bila kukusudia. Kwenye kikao kaeni pembe tatu, wewe ukimtazama mwenye kusema na si mkalimani. Sema sentensi mbili, nyamaza. Mkalimani aseme "nilikimbia", asiseme "anasema alikimbia", kwa sababu baada ya "anasema" tatu hujui tena nani alikimbia. Baada ya dakika 30 akili ya mkalimani inachoka, anaanza kufupisha. Utaitambua dalili: mama ameongea dakika mbili, wewe umepewa maneno sita. Hapo simama, kunyweni maji.

Daftari liwe na safu tatu: neno lenyewe lilivyotamkwa, tafsiri, na maoni yako. Wengi wana safu moja, na maoni yao yamejificha ndani ya tafsiri. Ukiwa na neno lenyewe, mtu mwingine anaweza kukusahihisha miezi miwili baadaye. Bila hilo, kosa linakuwa ukweli wa kudumu kwenye faili.

Maswali ya kukanusha yapigwe marufuku. Uliza "Hawakupita hapa?" Mzee atajibu "Ndiyo." Kwa Kiswahili, anakubaliana nawe: ndiyo, hawakupita. Ofisa anayefikiri kwa Kiingereza ameshaandika kwamba walipita. Neno moja fupi, na habari imegeuzwa kichwa chini. Uliza "Walipita, ao hawakupita?" na ungoje sentensi kamili.

Jambo la mwisho, na nalisema kwa uchungu. Kikosi kinakaa miezi 12 kisha kinaondoka. Mkalimani anabaki Katindo, anabaki Mabanga, watoto wake wanasoma palepale. Asibebe daftari lenu. Jina lake lisiandikwe kwenye ripoti, liwe namba. Asitumwe peke yake "akaulize kidogo". Asipande gari lenu mbele ya nyumba yake. Kozi isiyofundisha haya siiti kozi.

---

Nguba_Bukavu

Mama, koko! Hilo la mwisho libandikwe ukutani.

Niongeze kuhusu kabila la mkalimani. Watu wanamtambua kwa salamu ya kwanza tu, kabla hajamaliza kutafsiri. Kijiji kikimwona mkalimani ni wa upande unaogopwa, watajibu, tena kwa adabu, lakini watasema yale tu ambayo hata redio imeshasema. Kikosi kiwe na wakalimani wawili au zaidi wa lugha tofauti za nyumbani. Masisi utakuta Kihunde na Kinyarwanda, Walikale Kinyanga, Beni na Butembo Kinande. Ukija kwetu kusini ni Mashi Kabare na Walungu, Kihavu Idjwi na Kalehe, Kitembo Bunyakiri, Kilega Shabunda na Mwenga, Kifuliru huko Uvira. Mgeni hatazijua zote, lakini salamu ya kila moja inajifunzika kwa dakika 10. Na asimwulize mtu hadharani "wewe kabila gani?" Kwetu swali hilo lina makaburi nyuma yake.

---

Mtz_Kunduchi

Saa! Hatujagusa saa.

Goma, Bukavu na Lubumbashi ziko GMT+2. Kinshasa GMT+1. Dar, Nairobi na Kampala GMT+3. Kigali ni GMT+2 kama Goma. Ofisa anatoka Nairobi, saa yake ya mkononi hajaibadilisha, simu yake imeshika mnara wa nchi nyingine. Hapo tofauti ni saa 1. Sasa weka juu yake saa za Kiswahili: "saa mbili usiku" ni 20:00, lakini mwenye kuzoea Kifaransa anapochanganya lugha anaweza kumaanisha 02:00. Tofauti ni saa 6. Kosa hilo likikutana na lile la eneo, tukio moja linaingia kwenye ramani kama matukio mawili.

Kanuni: andika saa kwa maneno aliyotumia mtu, kisha kwa tarakimu 24, kisha herufi ya eneo la saa. B ni GMT+2, C ni GMT+3. Thibitisha kwa jua: kulikuwa giza? Watoto walikuwa wamekwenda masomo? Na usiku una mtego wake pia. "Usiku wa Jumatatu" kwa wengine ni usiku ulioanza Jumapili jioni. Dai "usiku wa kuamkia Jumatatu", hapo hakuna ubishi.

---

Katuba_Lushi

Salamu kutoka Lubumbashi. Msisahau kwamba Kiswahili cha huku si cha Goma. Huku kuna Kibemba ndani, na Kiluba, na Kifaransa kingi zaidi. Rekodi za Katanga msizitumie kufunza watu wa Kivu, wala za Kivu kufunza wanaokuja huku. Nimeona vifaa vya kufundishia vimeandikwa tu "Kiswahili cha Kongo". Hakuna mtu anayekisema hicho.

Tarakimu pia. Kuanzia kumi kwenda juu, watu wetu wanahesabu kwa Kifaransa, na Kifaransa chenyewe ni cha Ubelgiji: 70 ni septante, 90 ni nonante. Aliyesoma Kifaransa cha Paris anasubiri soixante-dix na quatre-vingt-dix. Idadi ya watu, bei, namba ya simu, vyote vinapita hapo. Zoezi ni imla ya namba 20 kila asubuhi, mchanganyiko wa Kiswahili na Kifaransa, ndani ya dakika 2.

---

Ramani_na_Majina

Jambo. Mimi nitasema majina tu, maana ndiko faili nyingi zinakofia.

Rutshuru ni territoire (yaani wilaya), ni mji na ni mto. Masisi ni territoire, na ni Masisi-centre. Nyiragongo ni territoire na ni volkano. Virunga ni hifadhi ya tangu 1925, na hapa mjini ni mtaa na ni soko. Mtu akisema "kulikuwa na risasi Virunga", jibu la kwanza ni: Virunga ipi?

Tahajia ni balaa nyingine. Sauti moja ya "ch" Wabelgiji waliiandika "tsh". Ndiyo maana chukudu yetu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, inaandikwa pia tshukudu, na mji mmoja unaandikwa Kitshanga, Kitchanga na Kichanga. Nyabiondo ni Nyabyondo. L na R zinabadilishana kulingana na lugha ya nyumbani ya msemaji. Ukitafuta kwenye kompyuta kwa tahajia moja, unapata theluthi ya ripoti na unaamini hakuna zaidi. Kila jina lipewe tahajia moja ya faili, na chini yake tahajia zote nyingine, halafu groupement (kundi la vijiji) na chefferie (eneo la chifu lililo juu yake). Jina bila groupement likae pembeni mpaka lithibitishwe.

Umbali usiuulize kwa kilomita. "Ni karibu" yaweza kuwa saa tatu za kutembea mlimani. Uliza mtu mwenye mzigo akitoka asubuhi anafika jua likiwa wapi. Kwenye tambarare mtu hukata kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwenye milima ya Masisi, kukiwa na matope, kata nusu.

---

Kalamu_ya_Himbi

Asanteni sana wakubwa. Desturi je? Kozi nyingi zina "siku ya utamaduni", slaidi 60, ngoma na picha za vyakula.

---

Mama_Tafsiri

Hiyo siku ya slaidi waifute. Desturi ifundishwe ndani ya lugha, kwa mazoezi ya kuigiza, kila wiki.

Salamu kwanza, na haina haraka. Jambo, habari ya nyumba, habari ya batoto, habari ya kazi. Anayeuliza swali lake kabla ya dakika tatu amejifungia mlango mwenyewe. Mkono wa kulia, na kwa mtu mzima mkono wa kushoto ushike kiwiko cha kulia. Miwani ya jua ivuliwe. Mwanamke mtu mzima ni mama, mwanaume ni papa au muzee, hata kama humjui. Ukifika kijijini anza kwa chefu, lakini usiishie kwake, maana ukiishia kwake umesikia kijiji cha chefu tu. Mama wanaochota maji na wanaokwenda shamba ndio wanaojua njia zipi zimebadilika. Wao wataongea na askari wa kike, kando, bila wanaume kusimama karibu. Kikosi kisicho na wanawake katika kazi hii kinapoteza nusu ya habari.

Kwenye kilio huulizi. Unatoa pole, unakaa, unaondoka.

Udugu nao una hesabu yake. "Baba" ni pamoja na baba mdogo na baba mkubwa. "Ndugu" ni hata wa ukoo au wa kijiji kimoja. Akisema "ndugu yangu iko kule msituni", usichore mstari wa damu kwenye mchoro wako. Uliza: mama moya, baba moya? Watu wamefungwa kwa ajili ya neno ndugu kuandikwa vibaya.

Na zawadi. Usitoe pesa kwa anayekupa habari, kwa sababu kesho utaletewa habari zilizotengenezwa. Kuhusu wanawake na wasichana, sheria ya Umoja wa Mataifa ya 2003 haina tundu: kutoa pesa, kazi au chakula ili kupata ngono ni marufuku, na aliye chini ya miaka 18 ni marufuku hata akisema amekubali. Hiyo haifundishwi kama adabu. Inafundishwa kama sheria.

---

Nguba_Bukavu

Kwenye sheria, kwa wanaokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, sera yao ya upelelezi katika ulinzi wa amani ni ya 2017, ikarekebishwa 2019. Inakataza kazi za siri za kujificha utambulisho. Kwa hiyo zoezi la "jifanye mfanyabiashara" halina nafasi darasani. Wafunzwe kujitambulisha waziwazi kwa Kiswahili: mimi ni nani, natoka kikosi gani, unaweza kukataa kuongea nami. Sentensi hiyo ya mwisho ni ngumu kutamka kwa sare na bunduki, na mwanafunzi aitamke mara 50 hadi isisikike kama amri.

---

Mtz_Kunduchi

Kidogo tu kwa wapenda historia. Maofisa Waingereza wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, lakini lugha iliyozaliwa kambini, KiKeya, ilikuwa ya amri: leta, simama, peleka. Iliwafaa kwenye gwaride. Haikuwafaa kukaa chini na mtu na kumwuliza kitu. Upande wa Marekani, shule ya Monterey ilizaliwa San Francisco Novemba 1941, kufunza Kijapani, na wanafunzi wake wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Japani. Hata hao, waliosikia lugha nyumbani, walilazimika kusoma upya msamiati wa kijeshi na maandishi ya mkono. Kuzaliwa na lugha ni mtaji, ila kozi bado inahitajika. Nawaambia hivyo Watanzania wenzangu wanaofika Goma wakidhani wameshajua.

---

Mwl_Ndosho

Kaka, umenisaidia, maana hilo sisi wa huku tulikuwa tunaona haya kulisema. Mtanzania na Mkenya wapewe wiki 2 zao peke yao, saa 60, bila sarufi hata kidogo: -ka, iko, mukubwa, kusikia, juu ya, bongo, lobi, tarakimu za Kifaransa. Wanahitaji kuambiwa mapema kwamba wanaposikia kitu wanachokielewa mara moja ndipo wasimame.

Mtihani wa mwisho uwe hivi. Msemaji wa Goma anaeleza tukio moja dakika 4. Limewekwa mitego 10: -ka mbili, ndugu mmoja, mukubwa mmoja, nyakati mbili za saa za Kiswahili, jina moja la mahali lenye maana tatu, namba mbili za Kifaransa, lobi moja. Mwanafunzi ana ruhusa ya kuuliza maswali 8. Alama zitolewe kwa maswali, si kwa tafsiri. Aliyetafsiri yote sawa bila kuuliza hata moja amebahatisha, na arudie. Ripoti yake iwekewe ile alama ya kawaida, A hadi F kwa mtoa habari na 1 hadi 6 kwa habari, A na 1 zikiwa za juu. Habari iliyosikika kupitia mkalimani mmoja bila neno lenyewe kuandikwa isipewe 1 wala 2.

---

Kalamu_ya_Himbi

Ombi moja la mwisho, Mama. Askari hatabeba uzi huu wote mfukoni. Ukipewa kadi moja, upande mmoja, ungeandika nini?

---

Mama_Tafsiri

Maswali matano, kwa Kiswahili cha hapa, herufi kubwa, karatasi ya plastiki kwa ajili ya mvua.

"Ulibaona na macho yako, ao ni mutu alikuambia?"

"Ilikuwa siku gani? Mbele ya soko, ao nyuma ya soko?" (Huku "mbele" ni kabla, "nyuma" ni baada.)

"Banapitaka pale, ao walipita mara moya tu?"

"Walikuwa wanasema luga gani?"

Na la tano baada ya kumrudishia yote aliyosema: "Nilisikia hivi. Ni vile?" Akijibu "sawa" au "ndiyo", bado, hiyo ni heshima, anataka uende zako vizuri. Akijibu "njo vile", yaani ndivyo hivyo, andika. Akinyamaza na kutazama barabarani, funga daftari, mshukuru, mwondoke.